Wakati Mbaya ni Wakati wa Nani? Filamu Mbili za Kenya na Swali Kutoka Borabu

Utangulizi

Wahakiki wa filamu katika Afrika Mashariki wamezoea msamaha mmoja. Filamu ikiyumba, husemwa kwamba watayarishaji walikabiliwa na matatizo. Isipowafikia watazamaji, husemwa kwamba ilitoka wakati mbaya. Baada ya maneno hayo mjadala hufungwa, na kazi ya sanaa huachwa kama mgonjwa aliyetembelewa na kupewa pole bila kuulizwa anaumwa wapi.

Makala haya yananuia kuuhoji msamaha huo. Hoja yetu ni kwamba matatizo ya utayarishaji si habari za pembeni zinazofaa kutajwa katika aya ya mwisho ya tahakiki, bali huingia katika fani na maudhui ya filamu yenyewe. Aidha, tunashikilia kwamba kile kinachoitwa wakati mbaya mara nyingi kina mwenyewe. Wahenga walisema wakati ni ukuta. Hatupingani nao, tunaongeza tu kwamba ukuta hujengwa, na kazi ya mhakiki ni kuuliza nani aliujenga na unamkinga nani.

Ili kuitetea hoja hii tutazichunguza filamu mbili za Kenya: Something Necessary ya Judy Kibinge (2013), jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kuliita Jambo la Lazima, na Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018). Ya kwanza tutailinganisha na riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri (2014), kwa sababu kazi hizo mbili zinashughulikia jeraha moja lakini zilipita njia tofauti kabisa kuifikia jamii.

Chimbuko la Swali

Swali lililozaa makala haya liliulizwa darasani mjini Kisii. Tulikuwa tumetazama Something Necessary katika kozi ya fasihi na filamu. Taa zilipowashwa, darasa lilikaa kimya kwa muda. Kisha mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, ambaye kwao ni Borabu katika Kaunti ya Nyamira, akauliza: ikiwa filamu hii ilikuwapo tangu 2013, mbona wao walipokuwa shuleni waliletewa riwaya peke yake? Tulimjibu, kwa mazoea, kwamba filamu ilitoka wakati mbaya. Akauliza tena: mbaya kwa nani?

Uzito wa swali hilo hauwezi kueleweka bila kuikumbuka jiografia ya Gusii. Borabu ni eneo lililotokana na mashamba ya walowezi wa Kizungu yaliyogawiwa wananchi katika miaka ya uhuru. Upande wake mmoja unapakana na Sotik, na mpaka huo umekuwa wa chai, wa biashara, wa ndoa, na mara kwa mara wa moto. Mapigano yalitokea huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 siasa ya vyama vingi iliporejea, na yakarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Soko la Chebilat, lililo mpakani, ni jina ambalo wakazi wa pande zote mbili hulitaja kwa sauti ya chini. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, na kati yao walikuwamo Abagusii waliorudi Kisii na Nyamira kutoka Bonde la Ufa, wakapokewa na jamaa zao, wakawa wakimbizi wasiokuwa na hema. Kwa kuwa hawakuonekana kambini, ilikuwa rahisi kuwasahau.

Mwanafunzi wetu alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Hakuuliza kama mtazamaji wa sinema tu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua ni kwa nini taswira ya jambo lililompata ilichelewa kumfikia.

Filamu Iliyozaliwa Katika Warsha

Something Necessary ilitokana na mpango wa One Fine Day Films, ulioasisiwa na mwelekezi wa Ujerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, kwa ushirikiano na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Mpango huo huo ndio uliotoa Soul Boy (2010), Nairobi Half Life (2012) na Supa Modo (2018). Utaratibu wake unajulikana: wasanii wa Kiafrika hupata mafunzo, kisha filamu hutengenezwa chini ya uangalizi wa mabingwa waliokwisha kubobea. Filamu huwa darasa na bidhaa kwa wakati mmoja.

Haifai kuubeza utaratibu huu. Katika nchi ambako mwelekezi huweza kumaliza miaka akiomba fedha za siku chache za kurekodi, warsha kama hii imewezesha kazi ambazo pengine zisingekuwapo. Lakini mhakiki hana budi kuuliza msaada huo umeacha alama gani kwenye kazi. Tunaona alama mbili.

Ya kwanza ni ukubwa wa kisa. Badala ya kulisawiri taifa zima likiungua, filamu inawafuata watu wawili. Anne amempoteza mumewe katika ghasia, mwanawe amelala hospitalini bila fahamu, na shamba lake limeharibiwa. Joseph ni kijana aliyekuwa katika genge la washambuliaji, naye anavutwa na shamba lile kana kwamba anatafuta kukombolewa. Bajeti ndogo haiwezi kulipia umati, magari ya polisi na mitaa inayowaka; inaweza kulipia mwanamke, nyumba iliyobomoka na kijana anayeitazama kwa mbali. Kibinge ameugeuza ufukara huo kuwa mtindo. Kwa kuwa hawezi kutuonyesha moto wenyewe kwa upana wake, anatuonyesha jivu, na jivu ndilo linalodumu. Mtazamaji wa Borabu anaujua ukweli huo: ghasia zilichukua majuma, lakini kuezeka upya kumechukua miaka.

Alama ya pili ni kasoro. Kwa kulielekeza jicho kwa mwathiriwa mmoja na mkosaji mmoja, filamu inaipunguza nafasi ya wale waliopanga, waliolipa na waliochochea. Toba ya Joseph inakuwa suala la dhamiri yake binafsi. Hapa ufinyu wa utayarishaji umekutana na mapendeleo ya matamasha ya kimataifa, ambayo huipenda hadithi ya mtu na mtu mwenziwe kuliko hadithi ya mfumo. Si haki kusema kwamba filamu imeshindwa. Ni haki kusema kwamba imelipa gharama fulani, na kwamba gharama hiyo inaonekana kwenye umbo lake. Mhakiki anayesema tu kwamba bajeti ilikuwa ndogo ameliona tatizo lakini hajauona umbuji uliotokana nalo wala pengo lililoachwa nalo.

Mwaka wa 2013

Tukija kwenye wakati, hebu tuitazame kalenda. Uchaguzi mkuu wa kwanza tangu ghasia zile ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Miezi iliyoutangulia ilijaa nyimbo za amani, mahubiri ya amani na matangazo ya amani, na vyombo vya habari vilijizuia kusema lolote ambalo lingedhaniwa kutonesha kidonda. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake kuhusu matokeo tarehe 30 Machi. Viongozi wawili waliochaguliwa, Rais na naibu wake, walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague kuhusiana na ghasia hizo hizo. Kesi ya naibu wa rais ilianza kusikilizwa tarehe 10 Septemba mwaka huo. Kesi zote mbili baadaye zilianguka, moja mwishoni mwa 2014 na nyingine Aprili 2016. Mitaani kauli iliyotawala ilikuwa kubali yaishe.

Ni katika mwaka huo ambapo filamu kuhusu mjane, shamba lililoharibiwa na kijana mwenye damu mikononi ilijitokeza. Ndiyo maana wengi wameuita wakati wake mbaya. Lakini hebu tuigawe hadhira. Kwa wanasiasa na kwa wale waliotaka taifa lisahau, filamu iliwahi mno. Kwa Anne wa kweli, yule anayeishi Borabu, Sotik, Molo au Burnt Forest, filamu ilichelewa kwa miaka mitano. Tarehe ni moja, hukumu ni mbili. Tunaposema kwamba ilitoka wakati mbaya bila kufafanua, tunakuwa tumeichagua hukumu ya upande mmoja bila kukusudia.

Zaidi ya hayo, suala la wakati lilifungamana na suala la mahali. Filamu ilisafiri katika matamasha ya ng'ambo na katika kumbi chache za miji mikubwa. Mtu wa Keroka, Nyansiongo au Chebilat hakuwa katika hadhira iliyopangiwa. Hata kama ingetoka katika mwaka mwema kuliko yote, barabara ya kumfikia haikuwapo. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita wakati mbaya ni usambazaji uliokosekana, nao si majaliwa.

Riwaya Iliyopita

Ulinganisho na Chozi la Heri unaidhihirisha hoja hii. Riwaya ilitoka mwaka mmoja tu baada ya filamu, kesi za The Hague zikiwa bado zinaendelea. Maudhui yake yanakaribiana mno na ya filamu: Ridhaa, daktari, ameipoteza familia yake katika nyumba iliyoteketezwa, na jirani wa miaka mingi amegeuka kuwa adui. Hata hivyo riwaya hii iliteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, na kuanzia 2018 hadi 2022 kila mtahiniwa wa Kiswahili katika kidato cha nne alitakiwa kuijua. Watoto wa pande zote mbili za mpaka wa Borabu na Sotik walikisoma kisa kile kile, wengine katika madarasa yanayotazamana kuvuka mashamba ya chai.

Ikiwa wakati ungekuwa ndio kizuizi, riwaya nayo ingezuiwa. Haikuzuiwa. Ni kwa nini? Tunaona sababu mbili, moja ya kitaasisi na nyingine ya kifani.

Sababu ya kitaasisi ni kwamba riwaya ya Kiswahili nchini Kenya ina barabara iliyotengenezwa: mchapishaji, taasisi ya mitaala, duka la vitabu, mwalimu, mtihani. Filamu haina barabara ya namna hiyo. Inategemea tamasha, ukumbi wa kibiashara na ukarimu wa wafadhili.

Sababu ya kifani ni ya ndani zaidi. Riwaya inaweza kujisitiri. Matei anabuni nchi, anabuni majina ya mahali, na msomaji anajaza mwenyewe mahali panapomhusu. Kamera haina stara hiyo. Ikipiga picha ya nyumba iliyochomwa, nyumba hiyo imo kwenye ardhi fulani, chini ya mti fulani, na mwigizaji akifungua kinywa, lafudhi yake inamweka kwenye ramani. Kile ambacho riwaya inakisema kwa jazanda, filamu inakionyesha kwa ushahidi. Basi filamu hukabiliwa na hofu kubwa zaidi hata pale inaposema jambo lile lile, au dogo zaidi.

Lakini barabara ya mtihani nayo ina ushuru wake. Wanafunzi wetu wanaikumbuka Chozi la Heri kama orodha ya mbinu na sifa za wahusika, tayari kwa swali la alama ishirini. Mwanafunzi wa Borabu alikiri kwamba aliisoma mara tatu bila mwalimu hata mmoja kuitaja Chebilat. Riwaya ilifika, lakini ilifika ikiwa imefungwa. Filamu haikufika, na siku ilipofika, ilimfungua mdomo.

Ucheleweshaji Wenye Sahihi

Katika mfano wa Something Necessary wajenzi wa ukuta ni wengi na hawakujiandikisha. Katika mfano wa Rafiki wanajulikana kwa tarehe na kwa sheria. Ndiyo sababu tunahama kutoka kwenye jeraha la uchaguzi kwenda kwenye filamu ya mada nyingine kabisa: inatuonyesha wazi jambo ambalo kule lilifichika.

Filamu hiyo ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwelekezi alihangaika kwa miaka kadhaa kutafuta fedha, nazo hatimaye zikatoka katika nchi kadhaa za Ulaya na Afrika Kusini. Tarehe 27 Aprili 2018, majuma machache kabla ya kuonyeshwa Cannes kama filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha hilo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa madai kwamba inakuza mapenzi ya jinsia moja. Bodi ilitumia mamlaka ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sheria yenye asili ya 1962, kabla bendera ya mkoloni haijashushwa. Mnamo Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, ili filamu itimize sharti la kuwania Tuzo za Oscar. Kumbi zilijaa. Siku 7 zikaisha, ukuta ukarudishwa, na Kenya ikaiwasilisha Supa Modo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliikataa hoja ya kuiondoa marufuku.

Linalotuhusu zaidi ni mwisho wa filamu. Mwelekezi ameeleza hadharani kwamba Bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini, naye akakataa. Mhakiki wa fasihi anapaswa kulichukua jambo hili kama suala la matini. Katika Jambula Tree msimulizi, Anyango, anamwandikia Sanyu baada ya kusikia kwamba anarejea kutoka London; habari ya kurejea ndiyo inayoufungua mlango wa kumbukumbu, na hadithi yote inatazama nyuma. Filamu imeupindua mpangilio huo. Visa vya Kena na Ziki vinasimuliwa kwenda mbele, na habari ya kurejea inawekwa mwishoni. Kwa maneno mengine, filamu inaishia pale hadithi inapoanzia. Matumaini yaliyoikera Bodi hayakubandikwa na mwelekezi; yalikuwamo katika sentensi za mwanzo za matini chanzi, yakahamishwa tu. Uhamishaji huo ndio uamuzi mkuu wa kisanaa wa filamu nzima, nao ndio uliogongana na dola.

Kwa bahati mbaya marufuku iliwashughulisha wahakiki kiasi kwamba wengi waliisahau filamu. Baba zake Kena na Ziki ni wapinzani katika uchaguzi wa wadi. Uhasama huo unaahidi mengi mwanzoni, kisha unaachwa ukining'inia. Siasa inakuwa pazia la nyuma badala ya kuwa nguvu inayowasukuma wahusika. Hiyo ni kasoro ya muundo iliyostahili kujadiliwa. Haikujadiliwa vya kutosha, kwa kuwa kumkosoa aliyefungiwa mlango kulionekana kama kumsaidia aliyeufunga. Huo pia ni msamaha, na unaidhulumu kazi kwa njia nyingine: unainyima heshima ya kuhakikiwa.

Jambo hili si geni barani. Filamu ya Ousmane Sembène, Ceddo (1977), ilizuiliwa nchini Senegal kwa miaka kadhaa, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia: serikali ya Senghor ilidai kwamba jina hilo halistahili herufi d mbili. Sisi wa idara za lugha tunapaswa kuukumbuka mfano huo kila tunaposikia kwamba filamu fulani ilikwama kwa sababu ya taratibu tu. Herufi moja inaweza kuwa ukuta, ikiwa aliyeishika ana mhuri.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msamaha wa matatizo na wakati mbaya hauitoshi taaluma yetu. Matatizo ya utayarishaji yaliifinyaza Something Necessary na pia yakaipa mtindo wake wa jivu; mvutano na Bodi uliufanya mwisho wa Rafiki uwe mahali pa kusomwa kwa makini kuliko pote. Wakati, nao, haukuwa mbaya kwa wote: ulikuwa mbaya kwa waathiriwa na mwema kwa walionufaika na kimya.

Hatusemi kwamba kila filamu iliyokwama ni nzuri. Taabu haigeuzi kazi dhaifu kuwa bora, na mhakiki anayehurumia badala ya kupima hana tofauti na yule anayepuuza. Tunachosema ni kwamba taabu iandikwe katika tahakiki kama ushahidi: ilitoka wapi, iliacha alama gani kwenye kazi, nani alifaidika na ucheleweshaji. Maswali hayo matatu yanaweza kuulizwa na mwanafunzi yeyote wa uzamili.

Kwa idara zilizo Kisii na Nyamira kuna wajibu wa ziada. Tuko umbali wa safari fupi ya matatu kutoka Chebilat. Riwaya na filamu kuhusu yaliyotokea huko zipo, na waliyoyaona wangali hai, ingawa hupungua kila mwaka. Kuzifundisha kazi hizo mbili pamoja, na kuomba ruhusa ya kuionyesha filamu pande zote mbili za mpaka, ni jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Mwanafunzi aliyeuliza wakati ulikuwa mbaya kwa nani alikwisha kuhitimu kabla hatujapata jibu la kumpa. Wadogo zake wamo madarasani sasa, na kwao sisi hatutakuwa na wakati wa kusingizia.